Kinasa Sauti Kikishazimwa

Aliyewahi kufanya utafiti uwandani anaijua dakika hii: umezima kinasa sauti, umefunga daftari, umeshaaga, mwenyeji wako anakusindikiza mlangoni, na hapo ndipo mazungumzo yenyewe yanapoanza. Leo mama mmoja aliyenijibu kwa adabu mchana kutwa kuhusu mirathi alishika kitasa, akatazama nje kama kuna mtu, kisha akanieleza ni nani hasa aliyechukua shamba na kwa hila gani.

Fomu ya ridhaa, ile ya kukubali kuhojiwa, alishaitia sahihi. Lakini aliyekuwa akiambiwa pale mlangoni ni mtafiti, au ni mgeni aliyezoeleka? Kamati za maadili zinazoidhinisha utafiti hupenda karatasi, na kwa mahojiano ya saa moja karatasi inatosha. Kazi yetu sisi wa uwandani ni kukaa na watu hadi wasahau kwamba tunaandika, na kusahau huko ndiko tunakokuita mafanikio. Hilo linanikera.

Nimeyaandika usiku huu huu, maana kufikia asubuhi maneno yake yatakuwa yamechanganyika na yangu. Nimeyaweka kwenye daftari la pembeni, bila jina. Ingawa kuficha jina nako ni kinga dhidi ya watu wa mbali tu. Nancy Scheper-Hughes, mwanaanthropolojia wa Marekani, alikipa kijiji alichokitafiti Ireland jina la kubuni, Ballybran. Kitabu chake kilipotoka 1979 wanakijiji walijitambua, na aliporudi 1999 walimfukuza. Jirani hahitaji jina. Ukitaja mjane, shamba la mtoni na shemeji mgomvi, ameshajua.

Wala daftari si sanduku la siri. Rik Scarce, mwanasosholojia wa Marekani, alikaa jela siku 159 mwaka 1993 kwa kukataa kutoa mahakamani aliyoambiwa na wanaharakati aliokuwa akiwatafiti. Sijui wangapi kati yetu tungevumilia hata wiki. (Madaftari yangu, kwa sasa, yako chini ya godoro.)

Kesho nitarudi kwa yule mama na ukurasa wenyewe, nimsomee neno kwa neno, tukiwa wawili tu. Akisema niuchane, nauchana mbele yake. Msimamizi wangu atauliza mbona hoja ya mirathi imekatikia njiani, nami nitamjibu kwamba data zimeishia hapo.