Nilivyozima kumbukumbu za simu za wageni kwenye ruta ya gesti

Ninasimamia Wi-Fi ya gesti moja hapa Mwanjelwa, Mbeya. Ruta yetu, kile kifaa kinachorusha Wi-Fi, ilikuwa inaandika kila simu iliyoingia, saa yake, na anwani yake ya MAC: zile alama 12 ambazo kifaa hupewa kiwandani, 6 za mwanzo zikitaja mtengenezaji. Bila kuuliza jina la mtu, ningeweza kujua dereva gani wa malori ya Tunduma analala kwetu kila wiki.

Siku moja akaja baba mmoja na karatasi. Alikuwa amenakili anwani hiyo kutoka kwenye simu ya mkewe. "Mdogo wangu, niangalizie tu kama imewahi kuingia hapa." Nikamwambia, "Samahani kaka, taarifa za wageni hatutoi." Akaondoka amekasirika, na mimi nikaanza kazi.

Nilizima kumbukumbu kwenye ruta. Zamani tuliruhusu simu kwa kusajili anwani zake; sasa kila mgeni anapewa vocha ya siku, ikiisha imeisha. Nikaipanga pia ruta ijiwashe upya kila alfajiri, maana ruta yetu ikizimika orodha ya simu zilizoingia inafutika.

Wapo wanaosema simu za siku hizi zimejilinda zenyewe. Ni kweli nusu. Kuanzia mifumo ya Android 10 na iOS 14 (ya iPhone), simu hujitengenezea anwani ya bandia kwa kila mtandao. Utaitambua kwa alama ya pili, huwa 2, 6, A au E. Lakini kwa kawaida simu ikirudi kwenye mtandao uleule hurudi na bandia ileile, kwa hiyo ruta inayoandika bado inamjua mgeni wa mara kwa mara. Na simu ikijitambulisha kwa jina la mwenyewe, hiyo bandia haimfichi. Wageni ninawaonyesha pa kubadilisha jina hilo.

Wenye simu za zamani nawasisitizia wazime Wi-Fi wakiwa njiani, kwa sababu simu inayotafuta mtandao hutangaza anwani yake hata bila kuunganishwa popote. Mwaka 2013 huko London mapipa ya taka yaliwekewa vifaa vya kunasa anwani za wapita njia, hadi mamlaka ya jiji ikataka kazi hiyo ikome.

Mwenye gesti aliniuliza, je, tukiibiwa? Nikamjibu kitabu cha wageni kipo mapokezi, na kile kila mgeni anajaza mwenyewe, akijua anachoandika. Akakubali.