Siku moja maishani mwangu: dakika ya ukimya Igombe

Saa 10 alfajiri

Bodaboda wangu anapiga honi getini kana kwamba Kitangiri nzima inasafiri naye. Begi la kamera mgongoni, stendi nimeipakata, betri nimezihesabu mara mbili. Natengeneza filamu fupi ya mama anayeanika dagaa Igombe, kando ya ziwa hapa Mwanza, na leo sina nafasi ya kukosea. Mwezi unakaribia kuwa mpevu, na mbalamwezi ikikolea mitumbwi ya dagaa hailali ziwani. Dagaa hufuata taa gizani. Ziwa lote likiwa jeupe, taa ya mvuvi haimvuti dagaa yeyote. Nikikosa picha za leo, nitasubiri zaidi ya wiki.

Tunapita uwanja wa ndege kukiwa bado kiza. Barabara ya Igombe ina vumbi la kutosha kuua lenzi, kwa hiyo begi nimelifunga ndani ya mfuko wa rambo. Wataalamu wacheke.

Saa 11 na nusu

Mwaloni, pale mitumbwi inapotua na samaki. Taa za sola zinarudi taratibu kutoka ziwani. Zamani zilikuwa karabai, na wazee wanasema zile zilikuwa na sauti yake, unamsikia mvuvi kabla hujamwona. Kina mama wanaingia majini hadi kiunoni na ndoo zao, bei inapigwa humohumo ndani ya maji.

Napiga picha kwa nusu saa tu. Mapambazuko ya ziwa ni mtego: kila mtu huyapiga, yote yanapendeza, na hayasemi kitu. Mimi mwenyewe nina lundo la mapambazuko kwenye diski na sijatumia hata moja. Leo nafuata mikono na ndoo.

Saa 1 asubuhi

Supu ya sato na chapati mbili kwa mamalishe. Pembeni yangu mzee mmoja anashona nyavu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana, hizo picha zinaenda wapi?"

Ni mara ya tatu ananiuliza wiki hii. Vibali vyote ninavyo, mwenyekiti wa BMU, kikundi kinachosimamia ufukwe na uvuvi, ananijua, lakini swali lake halijibiwi na muhuri. Watu wa rika lake Mwanza hawajasahau filamu moja ya mwaka 2004 iliyopigwa hapa, juu ya sangara na mapanki, yaani vichwa na mifupa inayobaki viwandani minofu ikishatolewa. Ilifika hadi kugombea Oscar, na mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaani hadharani. Ubishi juu ya ukweli wake haujaisha, nami nina maoni yangu: mapanki yalikuwepo, watu waliyala, lakini Mwanza nzima haikuwa mapanki. Kilichobaki kwa mzee huyu ni kwamba mtu alikuja na kamera, akaondoka, na wao wakasikia habari zao kutoka mbali.

"Tutaonyesha hapahapa kwanza, mzee. Ukutani, kwa projekta, kabla haijaenda kokote."

"Haya. Macho ninayo."

Saa 3

Kwa mama tunayemfuata. Sisemi jina lake. Ana chanja sita za mirunda na nyavu kuukuu alizozijenga kwa hela ya kikoba, na jambo analotaka watu wajue ni hizo chanja, basi. "Dagaa wa mchangani ni wa kuku," ananiambia huku akianika. "Wa chanjani ni wa watu." Anayeanika chini huuza wenye mchanga, na mnunuzi wa chakula cha mifugo ndiye anayempangia bei. Jua likiwa kali, hadi jioni wamekauka. Mvua ikija ghafla ni mbio na maturubai.

Yangeyange wamejipanga kama wanasubiri mgao.

Shirika lililotupa fedha za filamu hii ya dakika 8 limeshaandika mara mbili likiuliza "sehemu ya kugusa moyo" iko wapi. Niliwajibu iko kwenye chanja. Hawajanijibu.

Saa 5

Mahojiano. Simkalishi kwenye kiti. Anageuza dagaa, mimi nauliza kidogo. Maiki nimeibandika ndani ya mtandio wake, maana upepo wa ziwa ukiingia kwenye maiki hakuna mhariri atakayekuokoa. Picha ikitikisika watu huvumilia. Sauti ikikoroma wanaondoka.

Tukimaliza, naomba dakika moja ya ukimya, kama kawaida. Si ibada. Mhariri anahitaji sauti tupu ya mahali ili kuziba pengo pale maneno yanapokatwa. Ukimya wa Igombe una mawimbi, kuku, na redio ya mtu wa mbali.

Kama sekunde ya ishirini hivi, mama akaanza kusema. Taratibu, hanitazami.

Alichosema sitakiandika hapa. Aliponyamaza aliniomba kisiingie kwenye filamu, na sioni kwa nini kiingie huku. Ameniruhusu niseme tu kwamba kilihusu kaka yake na MV Bukoba, meli iliyopinduka asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 ikiwa safarini kutoka Bukoba kuja Mwanza na mamia ya watu ndani. Wengi wamezikwa kwenye makaburi ya Igoma, hapa Mwanza. Wengine ziwa halikuwarudisha.

"Lakini usifute," akasema. Akaingia ndani, akarudi na kadi ya memori aliyoichomoa kwenye redio yake. "Niwekee humu mimi."

Saa 8 mchana

Ugali wa udaga na dagaa wake mwenyewe. Nimekula mno.

Saa 11 jioni

Nyumbani. Kwa kamera yangu, saa moja ya picha za 4K hula gigabaiti 45 hivi, kwa hiyo kunakili ni kazi ya kukaa na kusubiri. Diski mbili, kila moja ikalale nyumba yake. Umeme umekatika ikiwa asilimia 80. Umerudi. Nimeanza upya.

Saa 1 usiku

Dada ninayehariri naye amefika, amevaa hedifoni, na kwa kuwa faili zilikuwa bado hazina majina, ameisikiliza ile dakika kabla sijamwahi. Amezivua, macho mekundu.

"Hii ndiyo filamu yenyewe."

"Najua."

"Tumrudie tumuombe."

Tumebishana hadi chai ikapoa. Hoja yake si ya kijinga: watu hubadili mawazo, na kuuliza si dhambi. Yangu ni kwamba aliniomba dakika hiyohiyo, kwa sauti, na mimi ndiye niliyemwambia tangu siku ya kwanza kuwa akikataa kitu kimekatika. Mwisho tumekata chanja, mikono, na ile kauli ya dagaa wa watu. Dakika 7 na sekunde 40. Ukimya wa kuziba mapengo tumeutoa sekunde ishirini za mwanzo, tukaurudiarudia.

Saa 4 usiku

Redio yake inasoma MP3 tu, kwa hiyo nimebadilisha faili. Kadi ina nyimbo 212, kwaya na dansi la zamani vimechanganyika. Nimeliandika faili jina, Kaka, kisha nikakumbuka redio zile hazionyeshi majina, zinaonyesha namba tu. Kesho nitamwambia abonyeze hadi 213.