Ninavyochagua vichwa vya risasi vya robo inchi kwa wanyama waharibifu

Katika bunduki ya robo inchi, kitu cha kwanza ninachokitazama si uzito ulioandikwa kwenye boksi bali unene wa gamba la shaba linalofunika kichwa cha risasi. Uzito hudanganya. Nosler hutengeneza Ballistic Tip ya greni 85 kwa ajili ya wanyama waharibifu, na ya greni 100 yenye jina hilohilo na ncha ya plastiki vilevile kwa ajili ya kulungu. Mezani vinafanana kama mapacha. Cha kwanza hupasuka vipandevipande ndani ya marmoti, mnyama wa jamii ya kindi aishiye mashimoni. Cha pili humtoboa, kisha huendelea na safari hadi kikutane na jiwe, na hapo hakuna ajuaye kitarukia wapi.

Kipenyo halisi cha vichwa hivi ni inchi 0.257, yaani milimita 6.53, na kichwa kilekile huingia katika aina za risasi ziitwazo .250 Savage, .257 Roberts, .25-06 Remington na .257 Weatherby Magnum. Greni moja ni miligramu 64.8, kwa hiyo greni 75 ni gramu 4.9 na greni 100 ni gramu 6.5. Vichwa vya kazi hii huwa kati ya greni 70 na 90. Vya 100 hadi 120, ambavyo ndivyo vimejaa madukani, ni vya kulungu.

Kabla ya kununua chochote, pima msokoto wa mtutu, yaani umbali ambao mistari iliyochongwa ndani yake hukamilisha mzunguko mmoja. Hakikisha chemba, pale risasi inapokaa, ni tupu, chukua ufito wa kusafishia wenye mpini unaozunguka, ufunge kitambaa kinachobana vizuri, uingize, weka alama juu ya ufito na mdomoni mwa mtutu, kisha sukuma polepole hadi alama izunguke duara moja kamili. Umbali uliosukuma ndio msokoto. Bunduki nyingi za .25-06 na .257 Roberts zina inchi 10, na hizo hukubali vichwa vyote ninavyovitaja hapa. Savage za zamani za .250 zina inchi 14. Zilijengwa kwa kichwa cha greni 87 chenye kasi ya futi 3,000 kwa sekunde, na ukizilisha cha greni 100 kirefu chenye ncha kali huenda kikayumba na kutoboa karatasi kiubavu. Tundu la mviringo mrefu kwenye shabaha ndiyo dalili yake.

Sasa kasi. Gamba jembamba lina kikomo chake. Kichwa cha greni 75 katika .25-06 hutoka kwa takribani mita 1,130 kwa sekunde. Kwa msokoto wa inchi 10 hiyo ni mizunguko inayozidi 260,000 kwa dakika. Mtutu ukiwa na utando mwingi wa shaba, au ukiwa umekwaruzika ndani, gamba huchanwa na kichwa husambaratika hewani. Utaona mstari wa kijivu ukielea njiani, au shabaha yenye madoa na bila tundu, na wengi hapo huanza kuilaumu darubini. Safisha mtutu hadi kitambaa kitoke bila rangi ya buluu, ujaribu tena. Likirudia, punguza kasi au hamia kichwa chenye gamba nene kidogo. Kwenye .257 Weatherby, ambayo ina kasi zaidi, mimi hata sianzi na vichwa laini kabisa. Kwenye .250 Savage ni kinyume: kasi ni ya wastani, kwa hiyo kichwa laini kama Speer TNT ya greni 87 ndicho kinachofunguka vizuri hata mbali.

Kati ya greni 75 na 90 swali ni upepo, si nguvu. Hornady V-Max ya greni 75 ina kipeo cha kupasua hewa (kikiwa kikubwa, upepo hukisukuma kichwa kidogo) cha 0.290, Sierra BlitzKing ya greni 90 ina 0.388. Upepo wa mita 5 kwa sekunde ukivuma kutoka ubavuni, kwa umbali wa mita 300 V-Max husukumwa karibu robo mita, na BlitzKing sentimita 20 hivi, ingawa hii ya pili hutoka mtutuni polepole zaidi. Kindi wa ardhini hana upana wa kukusamehe hizo sentimita tano. Ndani ya mita 200 tofauti hiyo haina maana, na hapo napendelea 75 kwa sababu teke la bunduki ni dogo na jicho halitoki kwenye darubini. Naona risasi inapofikia. Kwa eneo la wazi lenye upepo nachukua 85 au 90 bila kufikiri mara mbili.

Koyote, mbwa mwitu mdogo wa Amerika, ni hesabu nyingine, hasa kama unataka ngozi. Kichwa cha greni 75 kikigonga mfupa wa bega kwa karibu huweza kupasukia juujuu na kuacha jeraha pana lisiloua haraka. Hilo ni baya kwa mnyama na kwa ngozi pia. Kile cha greni 85 hadi 90, kikipigwa nyuma kidogo ya bega, huingia kwa tundu dogo, hupasukia kifuani, na mara nyingi hakitoki upande wa pili.

Anayejaza risasi mwenyewe atakutana na jambo moja linaloudhi: chemba za .25-06 zimechongwa kwa vichwa virefu vya greni 120, na cha greni 75 ni kifupi mno kuifikia mistari ya mtutu. Usikivute nje ya ganda ili kiifikie. Kikizama shingoni mwa ganda kwa urefu ulio sawa na kipenyo chake, milimita 6.5, kinashikwa vya kutosha. Kikizama pungufu ya hapo hupinda wakati wa kupakia, na kundi la matundu hutanuka. Kiasi cha baruti kitoke kwenye kitabu cha mtengenezaji wa kichwa hichohicho. Vichwa viwili vya uzito mmoja huweza kuleta shinikizo tofauti.

Kujaribu: boksi mbili za aina tofauti zatosha kuanzia. Piga makundi ya risasi tano kwa mita 100, uache mtutu upoe hadi uweze kuushika kwa kiganja bila kuungua. .25-06 huchoma baruti nyingi, na ukiendelea kupiga ukiwa moto, shingo ya mtutu huliwa haraka na makundi nayo hupanda juu. Risasi tatu hazisemi ukweli. Ukishachagua, lenga kwa mita 200: V-Max ya kasi niliyotaja itakuwa takribani sentimita 3 juu kwa mita 100 na 15 chini kwa mita 300. Boksi jipya lenye namba tofauti ya uzalishaji lijaribu tena kwa kundi moja kabla ya kulitumia.

Wenye bunduki za .25-20 au .25-35 zenye magazini ya bomba chini ya mtutu wasiguse vichwa vyenye ncha kali. Humo risasi hupangana kwa mstari, ncha ya risasi ya nyuma ikigusa fataki, yaani kiwashio kilicho kwenye kitako, ya iliyo mbele. Teke la bunduki linaweza kuilipua. Hizo ni za kichwa bapa tu.

Kuhusu vichwa vya shaba tupu, visivyo na madini ya risasi ndani: California tangu Julai 2019 hairuhusu risasi zenye madini ya risasi kwa uwindaji wa mnyama yeyote, waharibifu wakiwemo, kwa hiyo huko huna hiari. Barnes TTSX ya greni 80 hulenga vizuri kwa msokoto wa inchi 10, ila shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo kichwa huwa kirefu zaidi kwa uzito uleule, na mtutu wa inchi 14 haufai. Tena hakipasuki: hufunguka kama ua, hutoboa na kutoka kikiwa karibu kizima. Nikikitumia, sipigi mpaka nione kilima cha udongo nyuma ya mnyama.