Foliki ianze kabla ya kadi ya kliniki

Mimi ni fundi cherehani hapa Dodoma mjini, upande wa Majengo. Kazi zangu nyingi ni gauni za sendofu, kichenpati na ndoa. Bibi harusi akisimama kupimwa, kabla sijaandika vipimo vyake namuuliza, "Umeshaanza foliki?" Wengi hawajawahi kuisikia vitamini hii ya vidonge, inayosaidia mtoto asizaliwe na mgongo wazi. Wachache wanaoijua hunijibu kwamba watapewa kliniki wakishika mimba. Hapo naweka futi chini tuongee, maana kliniki ni kuchelewa.

Mwanangu wa kwanza alizaliwa na mgongo wazi. Alifanyiwa upasuaji akiwa mchanga, kisha akawekewa mrija wa kupunguza maji kichwani. Sasa anasoma, anaongea kuliko wote nyumbani, na anajua hesabu. Ila mishipa iliyoharibika pale kiunoni ndiyo inayopeleka habari kwenye miguu na kibofu, kwa hiyo mkojo hautoki wenyewe. Kila baada ya saa chache nanawa mikono kwa sabuni, namlaza, namsafisha, napaka mpira ule mwembamba jeli, naupitisha taratibu mpaka mkojo uanze kutiririka kwenye kopo. Nasubiri uishe kabisa, kwa sababu unaobaki ndani huleta maambukizi na mwisho huua figo. Shuleni naenda mwenyewe kumtoa mkojo, cherehani nikiiacha na kijana wangu wa kazi. Nampenda mwanangu kama alivyo. Lakini kama kuna kidonge ambacho kingeweza kumwepusha na visu vile na mipira hii, basi kila binti anayepita mikononi mwangu atakisikia.

Alipozaliwa yalisemwa mengi: laana, jicho baya, eti niliruka kaburi. Daktari alinieleza jambo jingine. Mimba ikiwa changa kabisa, uti wa mgongo wa mtoto huwa kama gauni ambalo halijafungwa zipu, na zipu hiyo hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba itungwe. Hesabu mwenyewe. Siku zako zikichelewa wiki mbili, ndiyo kazi ile inamalizika. Mwanamke bado anadhani ni uchovu au malaria. Mimi wakati huo nilikuwa shambani navuna karanga na mama. Kadi nilifungua mimba ikiwa na miezi minne, kama wengi wa huku, kwa sababu mimba changa haitangazwi. Nikapewa FEFO, vile vidonge vya madini ya chuma na foliki, nikameza zote. Zilinisaidia damu. Wakati wa mgongo wa mtoto kufunga ulikuwa umeshapita.

Kwa hiyo kinachotakiwa ni mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba, na kuendelea mpaka wiki ya 12. Haizuii kila mgongo wazi, maana sababu nyingine zipo, lakini inapunguza sana.

Aliyewahi kuzaa mtoto kama wangu ana njia yake. Mwaka 1991 Waingereza walitoa matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi saba, kwa akina mama waliokwisha kupata mimba yenye tatizo hili. Waliopewa miligramu 4 za foliki kila siku, hatari ya tatizo kujirudia ilishuka kwa asilimia 72. Kwetu mama kama mimi huandikiwa kidonge cha miligramu 5. Nilianza kukimeza kabla ya mimba ya pili, na binti yangu alizaliwa mgongo umefunga vizuri. Dozi hii usijinunulie tu dukani, maana ni zaidi ya mara kumi ya ile ya kawaida. Soma pakiti: miligramu na mikrogramu ni vitu viwili tofauti. Tena foliki ya miligramu 5 huipunguza nguvu SP ya kukinga malaria, kwa hiyo kliniki waambie unachomeza kabla hawajakupa SP. Mwenye kisukari au anayetumia dawa za kifafa naye aanzie kwa daktari, kabla ya mimba.

Wapo wanaoniambia sisi Wagogo tunakula mlenda, majani ya kunde na karanga, foliki tunayo. Ni kweli imo, na msiache kula. Lakini moto huiharibu, na maji ya kuchemshia mboga yakimwagwa huondoka nayo. Unga wa ngano wa kiwandani huongezwa foliki kwa mujibu wa sheria, ila ugali wetu unatoka mashine ya mtaani, na pale mahindi yakishasagwa hakuna kinachoongezwa. Afrika Kusini waliamua tangu 2003 kuiweka kwenye unga wa mahindi pia, na watoto wanaozaliwa na matatizo ya aina hii, mgongo wazi ukiwemo, wakapungua kwa takriban asilimia 30. Nataka sana siku moja tufike hapo na mashine hizi ndogo. Kwa sasa ni kidonge.

Na kidonge kina vita vyake nyumbani. Bibi harusi mgeni akionekana anameza vidonge kila asubuhi, mama mkwe anajua tayari: huyu amekuja na uzazi wa mpango. Ndiyo maana nawaambia mabinti wasifiche. Mume ajue, na mama mkwe aoneshwe pakiti.

Juzi alikuja mama mmoja na mkwewe mtarajiwa kupima sare za ndoa. Nilipomaliza maelezo yangu binti alikuwa anaangalia chini, lakini yule mama akasogeza kiti.

"Fundi, binti yangu yuko Kibaigwa, ana watoto wawili wazima kabisa, na anatafuta wa tatu. Naye inamhusu?"

Nikamwambia inamhusu, mama. Wawili kuzaliwa wazima hakumkingi wa tatu, kila mimba inaanza upya.

Akatoa simu palepale, akaniambia nimtajie tena, taratibu, mikrogramu ngapi.