Meza ya Dodoma, mkeka wa Kondoa

Treni ya SGR ilinitoa Dar es Salaam fulana ikininata mgongoni, na hata saa nne hazijatimia nikashuka Dodoma kwenye upepo wa Julai. Mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Jua likishazama ndipo unaelewa. Mama mdogo alinipokea mlangoni, akanitazama juu hadi chini.

"Una sweta?"

"Sina, mama."

"Baridi ya huku haina adabu, mwanangu."

Usiku huo tulikula mezani, tena nguo zilikuwa za kanisani. Wadogo zangu wa kike magauni ya sikukuu, wa kiume shati limechomekewa, mama mdogo kitenge ambacho bado kina mikunjo ya kabatini. Baba mdogo ni mtumishi wa serikali, mmoja wa wale waliohamishwa kutoka Dar kuanzia 2016, pale uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipoanza kwenda mbio. Alirudi kutoka Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, akala na shati lake la ofisini, mkanda na yote. Mboga ilikuwa mlenda. Sasa, mlenda na shati jeupe havipatani: ukiinua tonge unavutika, usipouwahi kuukata kwa kidole unaishia kifuani. Tulikula kwa heshima na kwa woga. Nilijua kabisa kwamba hawali hivyo kila siku.

Kesho yake ugeni ukawa umekwisha. Baba mdogo alitoka chumbani na msuli, sweta la kijivu na soksi ndani ya ndala. (Kwa Dar hicho ni kichekesho, kwa Dodoma ni akili.) Mama mdogo alivaa dera lililopauka, kanga moja begani, nyingine kichwani. Wasichana walikuwa na masweta yao ya shule. Lilipopita beseni la kunawa, kila mtu alipandisha mkono wa kulia wa sweta hadi kwenye kiwiko, wa kushoto akauacha umefunika mpaka vidole. Jioni baada ya jioni ni hivyo hivyo, na ndiyo maana masweta yote ya nyumba ile mkono wa kulia umelegea, hata ukiuvuta unarudi chini wenyewe. Mwalimu wa zamu anapowakagua asubuhi sijui huwa anawaza nini.

Nikaendelea Kondoa kwa basi, lami mpaka mjini, nyumbani kwa rafiki yangu Mrangi niliyesoma naye chuo. Kule jioni inapangwa na adhana. Wanaume walirudi kutoka msikitini baada ya Magharibi wakiwa na kanzu, lakini kanzu hawali nayo. Kila mmoja aliivua akaitundika msumarini, akabaki na msuli na fulana, kofia kichwani. Babu peke yake alibaki na kanzu yake, na koti zito juu yake, na hakuna aliyethubutu kumwambia neno. Kina mama walikula upande wa jikoni, na kwa vicheko tulivyokuwa tunasikia, nadhani kule ndiko kulikonoga.

Mimi nilikuwa na jinzi. Mkeka umetandikwa, sinia la ugali wa mtama liko katikati, kuku wa kienyeji kwenye bakuli, nami najaribu kukunja miguu na suruali inakataa. Nikaishia kukaa ubavu, mguu mmoja nimeunyoosha karibu kabisa na chakula cha watu.

Babu akanitazama. "Huyu mjukuu anasafiri tena usiku huu?"

"Hapana babu, nalala hapa."

"Mbona ana suruali, basi?"

Akaita jikoni, mtoto akaja mbio na msuli uliofuliwa. Nikaingia chumbani, nikabadilisha, nikarudi nikakaa nimekunja miguu sawasawa. Babu akanikagua, akasogeza bakuli la kuku upande wangu.

"Haya, bismillahi. Kula, ugali unapoa."