Mawe ya redio

Paris ilikuwa inanyesha. Huku kwetu ilikuwa saa nne na dakika ishirini usiku, na mwanangu wa mwisho alipaswa awe kitandani tangu saa mbili, lakini Olimpiki ni kila baada ya miaka minne na mimi ukali huo sina. Mlio ukalia, wakatoka, na kabla sijajua nimtazame nani binti wa Saint Lucia alikuwa ameshamaliza kazi. Julien Alfred, sekunde 10.72. Sha'Carri Richardson, niliyekuwa nimemtabiria ushindi mbele ya nyumba nzima, akaja wa pili.

“Baba, Saint Lucia iko wapi?”

Nikamwambia ni kisiwa, kule Karibiani.

“Wako wangapi?”

Laki moja na elfu themanini hivi. Hii ndiyo medali yao ya kwanza ya Olimpiki tangu dunia iumbwe. Akanyamaza kidogo akipiga hesabu zake, kisha akauliza: “Kwa hiyo sasa hivi nchi nzima wanashangilia?”

“Ndiyo,” nikasema. Halafu nikaongeza, “Nadhani.”

“Kwa nini unadhani?”

Nikamwambia akalale. Alipokwenda nikaangalia tarehe kwenye simu: 3 Agosti. Nikacheka peke yangu sebuleni kama mwehu, maana ilikuwa imetimia miaka ishirini na minane kamili, na lile jambo la betri sijamwambia mtu mpaka leo.

Betri zilikuwa za Fundi. Ni mshona nguo, Mrundi, aliyekuwa akishonea barazani kwetu Kigoma, aliyemlipa mama kodi ya baraza kwa kutushonea sare za shule, ndiyo maana kaptula zangu zilikuwa na pindo la kuachiliwa miaka mitatu mbele. Alivuka ziwa mwaka 1993, baada ya Rais Ndadaye wa Burundi kuuawa, akitokea Nyanza-Lac, na kwenye mtumbwi alibeba vitu viwili: kichwa cha cherehani kilichofungwa kwenye turubai, na redio. Meza ya cherehani aliichonga upya huku huku. Redio ilikuwa National ya betri nne, kipaza sauti chake kimepasuka kidogo, kwa hiyo kila mtangazaji alisikika kama ana mafua.

Fundi alikuwa haiti betri. Alisema “mawe”. Mawe ya redio. Kwao husemwa hivyo, na ukizingatia bei yake wakati ule na jinsi alivyoyatunza, ungedhani kweli ni ya thamani. Yakianza kuchoka aliyaanika juani juu ya bati. Yakichoka zaidi aliyauma kwa meno, moja moja, kwa uangalifu, kama mtu anayepasua karanga. Redio iliwashwa mara mbili tu kwa siku, asubuhi na jioni, kwa ajili ya taarifa ya habari ya Idhaa ya Kiswahili ya BBC, na ikizimwa imezimwa. Muziki hakuna. Mpira hakuna. Jioni aliiacha ndani kwetu, mama aifungie, kwa sababu baraza haina mlango.

Na mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili.

Julai ile ya 1996 redio ilikuwa na kazi nyingi. Tarehe 25 jeshi lilimrudisha Buyoya madarakani Bujumbura. Tarehe 31 wakuu wa nchi wakakutana Arusha, wakaiwekea Burundi vikwazo, na pale bandarini kwetu wapagazi wakaanza kukaa juu ya magunia wakicheza bao. Katikati ya hayo kulikuwa na Olimpiki ya Atlanta, ambayo Fundi hakuijali hata kidogo. Nilipomwambia kwamba Burundi nayo imepeleka watu, mara ya kwanza katika historia yake, wanariadha saba, aliuliza kama wamepewa tiketi ya kurudi.

Jumamosi usiku, 3 Agosti, nikaichukua redio kitandani. Nilitaka nyimbo mbili tu za dansi. Niliiweka chini ya shuka, sauti ya chini, sikio limelala juu yake. Nadhani ilikuwa ya pili au ya tatu ndipo usingizi uliponipitia. Nilipozinduka kulikuwa na mwanga dirishani na redio ilikuwa inanong'ona kwa sauti ya mgonjwa anayeagana na wanawe. Nikaizima. Nikaipangusa, sijui kwa nini, nikairudisha mahali pake.

Asubuhi yenyewe ndiyo ninayoikumbuka kuliko siku yangu ya harusi, na mwenye nyumba anisamehe.

Ilikuwa Jumapili, lakini Fundi alikuwa ameshakaa kwenye cherehani kwa sababu kulikuwa na gauni la mtu la kuvaa kanisani misa ya pili. Kitambaa cha bluu, kinateleza. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi nikijifanya nafunga kamba za viatu. Akaiwasha redio. Ikatoa sauti, ndogo, na Fundi akaisogeza karibu bila kusema neno, akakunja uso kidogo, akaendelea kukanyaga. Habari ya kwanza sikuisikia. Ya pili sikuisikia. Nilikuwa namwangalia yeye, na nilikuwa naomba Mungu, nakumbuka vizuri maneno yenyewe: Mungu wangu, dakika kumi tu.

Kisha, kutoka mbali kama mtu anayeita toka ng'ambo ya ziwa, mtangazaji akasema: “... Burundi, kwa mara ya kwanza ...”

Ikazima.

Lazima nieleze neno hilo lilikuwa na maana gani barazani kwetu. Miaka ile, mtangazaji akitamka “Burundi”, watu waliacha kutafuna. Ukiwa mgeni Kigoma ungeweza kumtambua Mrundi sokoni kwa jinsi shingo ilivyokaza redio ya duka ilipofika kwenye jina la kwao. Kwa sababu baada ya jina ilikuja namba. Daima ilikuja namba, na baada ya namba jina la mkoa, na baada ya jina la mkoa mtu mmoja kati ya waliokaa alisimama akaondoka bila kuaga.

Miguu ya Fundi ikasimama. Mkono wake wa kulia ukalishika gurudumu la cherehani, ukabaki pale. Sindano ilikuwa imezama kwenye kitambaa cha bluu. Hakuigusa redio. Mimi ndiye niliyeirukia, nikafungua mgongo, nikatoa betri, nikazisugua kwenye kaptula, nikazigeuza, nikazirudisha. Nikaziuma, zote nne, kama nilivyomwona yeye akifanya, na ladha ya chuma ile bado naijua. Hakuna kitu. Hata mkwaruzo.

“Amesema nini?” Fundi akauliza.

“Burundi.”

“Halafu?”

“Kwa mara ya kwanza.”

Akalirudia, taratibu, kama anapima nguo ya mtu asiyekuwepo. “Kwa mara ya kwanza.” Akanitazama. Hakuwa na hasira, ingekuwa nafuu angekuwa nayo. “Kitu gani hicho, mwanangu? Kule ni kitu gani ambacho hakijatokea bado?”

Sikuwa na jibu. Sikuwahi kuwa na jibu. Nadhani tulikaa hivyo dakika moja, labda mbili, lakini kichwani mwangu asubuhi ile haina mwisho: kuku wa jirani wanapekua, kengele ya misa ya kwanza inalia, na mtu mzima ameshika gurudumu akipitia moja baada ya jingine mambo yote mabaya ambayo nchi yake haijawahi kuyafanya, ili ajue ni lipi limefanyika usiku. Niliona midomo yake ikicheza. Alikuwa na dada yake kule, na watoto wa dada.

Mimi nilijua kwa nini redio imezima. Hicho ndicho kilichonisimamisha, si huruma. Nikakimbia.

Mwalimu wetu wa hesabu alikaa nyumba ya nne na alikuwa na redio ya umeme, na siku hiyo umeme ulikuwepo. Nilimkuta kasimama uani na mswaki mdomoni, amekasirika. “Unaona?” akaniambia, povu linamtoka, hata shikamoo yangu hakuiitikia. “Sisi Nyambui wetu alipata fedha Moscow 1980, mita 5,000 hizo hizo. Bayi fedha. Mpaka leo tunaimba hizo mbili. Hawa mara yao ya kwanza, ya kwanza! wanachukua dhahabu.”

“Akina nani, Mwalimu?”

“Si hao wageni wenu. Niyongabo.”

Mengine nimeyajua ukubwani. Vénuste Niyongabo alikuwa mtu wa mita 1,500, mmoja wa wepesi kabisa duniani wakati ule, na nafasi yake katika mbio hizo alimwachia mwenzake Dieudonné Kwizera, ambaye alizikosa Seoul 1988 na Barcelona 1992 si kwa sababu ya miguu bali kwa sababu Burundi haikuwa na kamati ya Olimpiki ya kumpeleka. Kwizera akakimbia, akatolewa raundi ya mchujo, na nina hakika alitembea nje ya uwanja akiwa mtu mwingine. Niyongabo akaingia kwenye 5,000, umbali ambao alikuwa ameukimbia mara chache mno. Akamaliza kwa dakika 13 na sekunde 7.96. Paul Bitok wa Kenya alikuwa nyuma yake kwa sehemu mbili za kumi za sekunde. Siku chache kabla, Aloÿs Nizigama alikuwa wa nne katika 10,000 nyuma ya Gebrselassie, Tergat na Hissou, na hakuna aliyetuambia barazani. Kati ya watu saba hao, hiyo si haba.

Lakini asubuhi ile nilikuwa na maneno mawili tu, dhahabu na Niyongabo, na niliyabeba mdomoni nyumba nne nzima nikiogopa kuyamwaga.

Fundi alikuwa pale pale. Nikamwambia. Akaniambia nirudie. Nikarudia.

“Mana yanje,” akasema, yaani Mungu wangu kwa Kirundi. Kisha: “Niyongabo. Huyo ni mtoto wa Vugizo. Kule juu milimani kwetu, Makamba.”

Nilisubiri aruke. Nilikuwa nimeshamwona akiruka, kichwani, njia nzima nikirudi. Hakuruka. Aliliachia gurudumu, akafuta jasho la kiganja kwenye suruali, akauliza: “Bendera wameipandisha?”

Nikasema nadhani wameipandisha, ndiyo desturi.

“Na ule wimbo? Umepigwa?”

Nikasema nadhani.

Akatikisa kichwa. Akaanza kunieleza, huku anachomoa sindano na kuitazama kama imepinda, kwamba yeye alikuwa akizishona bendera zile. Kila Juni, kabla ya sikukuu ya uhuru ya 1 Julai, ofisi zilimletea kitambaa. Watu hudhani bendera ni mchezo. Hii ina msalaba mweupe unaokatiza kona kwa kona. Usipopima vizuri katikati panavimba. Juu na chini nyekundu, kulia na kushoto kijani. Halafu duara jeupe katikati, na ndani ya duara nyota tatu nyekundu, kila nyota ncha sita, na kila nyota ina ukingo wa kijani. “Ncha sita mara tatu,” akasema. “Hesabu mwenyewe. Halafu ukingo. Halafu upande wa pili, maana bendera ina pande mbili.” Ya mwisho aliishona mwaka ule ule aliokimbia. Haikulipwa.

“Sasa hiyo ya Marekani,” akasema, “sijui aliishona nani. Sijui kama nyota alizikalisha sawa.”

Akainamisha kichwa, akaanza kukanyaga. Alishona gauni lile mpaka mwisho bila kuinua uso, na mwenye gauni alipokuja akamwambia mshono wa kiunoni umekwenda upande. Ni mara pekee niliyowahi kusikia mteja akilalamika. Akaufumua, akarudia, bila malipo.

Jioni Warundi wengine walikuja barazani. Mmoja alileta bia. Mwingine, mzee, alisema hana habari na bendera ya watu waliomchomea nyumba, na hiyo dhahabu wakailie huko huko. Wakabishana Kirundi mpaka usiku, mama akatuingiza ndani. Fundi sikumsikia upande wowote.

Kesho yake alinunua mawe mapya. Hakuuliza chochote. Ila tangu siku hiyo redio hakuiacha tena ndani kwetu; aliondoka nayo kwapani. Mwaka uliofuata wakimbizi wa mjini walipokusanywa kupelekwa kambini, alikipakia kichwa cha cherehani kwenye turubai lile lile, akanipa mkono kama mtu mzima mwenzake. Hapo ndipo ningesema. Nikamwambia safari njema.

Mwanangu hakulala, bila shaka. Alirudi sebuleni na simu ya mama yake, ametafuta bendera ya Saint Lucia: bluu, na katikati pembetatu nyeupe, juu yake nyeusi, juu yake njano. Nikasema hiyo nyepesi, mistari iliyonyooka tu. Akaniambia kuna kisiwa kingine usiku huu huu kimepata dhahabu yake ya kwanza, Dominica, Thea LaFond, kwenye mruko wa hatua tatu, mita 15.02, na bendera yao hii hapa.

Nikaichukua simu. Kijani, msalaba wa rangi tatu, duara jekundu katikati. Ndani ya duara nyota kumi. Na katikati ya nyota, kasuku.

“Unahesabu nini, Baba?”

“Ncha,” nikamwambia. “Nenda kalale.”