Mkono wa Kutunzia

Watu wakinikuta kwenye kibanda changu cha kushonea Magomeni huuliza lile lile: dada, mbona umeacha kuimba? Wengine huuliza kwa sauti ya chini, kama waliokuja kunipa pole ya msiba. Nimeimba taarabu ya kisasa hapa Dar es Salaam miaka 11. Tisa nilikuwa mwitikiaji, miwili ya mwisho nikapewa nyimbo mbili za kwangu, na akina mama wa Temeke wa rika langu bado wanazikumbuka. Sikufukuzwa, wala sauti haikunikauka. Niliacha kwa sababu ya kwapa.

Ngoja nieleze. Mwenye kuijua taarabu anajua kwamba ukumbini mwimbaji haangaliwi sana. Anayeangaliwa ni mama aliyenyanyuka kwenda kumtunza mwimbaji pesa. Anatoka mezani na noti zake, hana haraka, mkono kauinua na anauzungusha hewani, ili yule aliyekaa meza ya pili ajue ubeti ule unamhusu. Mimi nimesimama nyuma, kazi yangu kusubiri kiitikio, kwa hiyo muda wa kutazama ninao tele. Nikaona magauni yote yameshonewa mtu aliyesimama mbele ya kioo, mikono kailaza. Akiinua tu mkono, kwapa linabana, gauni zima linapanda naye. Usiku mmoja mshono wa mtu uliachia mbele ya jukwaa, ta! Tukaitikia kwa nguvu zaidi kumsitiri. Halafu mafundi wanajaza nakshi zote kifuani, wakati mama wa watu akielekea jukwaani ukumbi mzima unamwona mgongo.

Mwaka 2012 sare za bendi zilikuja zinabana vilevile. Nikafumua kwapa la langu kwa wembe, nikatia kipande cha kitambaa mfano wa kashata. Mkono ukapanda, gauni likatulia. Wenzangu wakaniletea ya kwao, kisha wakaja washabiki. Nikanunua cherehani ya mtumba, Butterfly, Sh 170,000, nusu yake ya kukopa kwenye kikoba.

Pesa nayo ilisema. Usiku mzuri, tukishagawana na mwenye bendi keshatoa fungu lake, nilirudi nyumbani na Sh 15,000, bajaji ikala 5,000. Ufundi wa gauni moja ulikuwa Sh 25,000, na nalala usiku.

Ninachokipenda kuliko vyote ni kushona kanga, na hapo ndipo ninapogombana na mafundi wenzangu. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Fundi asiyejali hupitisha mkasi katikati ya jina, ujumbe unabaki nusu, kama mtu aliyekatwa neno mdomoni. Mimi naanza kulipanga jina ndipo nikate kingine. Doti ina vipande viwili, kwa hiyo majina mawili: moja naliweka mgongoni, chini kidogo ya kiuno, la pili naliacha kwenye mtandio. Mteja wangu akienda kutunza, waliobaki vitini wanasoma. Kuna mmoja alinunua kanga nne tofauti Mtaa wa Uhuru, akazirudisha tatu, kisa jina halikumfikia jirani yake vizuri.

Msidhani nilinyooka moja kwa moja. Mwaka 2016 nilichukua oda ya sare 42 za send-off. Kitenge nilinunua nusu kwa advansi, nusu wiki ya pili, duka lile lile, ua lile lile. Kibandani kwangu vilikuwa ndugu. Chini ya taa za ukumbi nusu ya kamati ilikuwa damu ya mzee na nusu nyekundu kama pilipili, wamekaa mchanganyiko. Bibi harusi hakusema kitu. Shangazi yake alisema vyote. Nilirudisha ufundi wa magauni 20, nikala ugali na mchicha miezi miwili. Siku hizi nanunua mzigo wote mara moja, na navitoa vitambaa nje juani kabla sijalipa, muuza duka anune asinune.

Kuimba naimba, juu ya cherehani. Mguu ukishika mwendo wa kanyagio, kiitikio kinakuja chenyewe, na binti ninayemfundisha kazi ananiambia nashona haraka zaidi nikiimba zile za zamani za rusha roho.

Mwezi uliopita kiongozi wetu wa bendi alikuja. Mtu mzima sasa, ndevu nyeupe. Anataka magauni sita ya waitikiaji, na ametamka mwenyewe, "Kwapa lile lako." Akaniomba nimshonee kwanza, atanilipa baada ya onyesho. Nikamwandalia kiti, nikamletea kahawa, nikamwambia, "Shikamoo mzee wangu, nusu sasa, nusu siku ya kuchukua." Akacheka mpaka akakohoa, akahesabu.

Magauni yako tayari tangu Jumanne. Bado hajaja.